Kwa mpwa wangu aliyeuliza nani anaipangia Pasaka tarehe

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Jumapili ile kwenye kikao cha harusi uliuliza swali ambalo sijalijibu hadi leo. Ulikuwa umetoka parokiani, umeambiwa Machi 13, 2027 haiwezekani kwa sababu ni Kwaresima, mfungo wa kabla ya Pasaka, na ukumbi umeshaulipia nusu. Ukasema, "Mjomba, Krismasi ni Desemba 25 kila mwaka. Hii Pasaka inayohamahama nani anaipangia?" Wajumbe wote wakakuunga mkono, hata mweka hazina. Nilinyamaza kwa sababu pale watu walikuwa kwenye hesabu za michango, na swali lako lilistahili muda. Naliandikia jibu hadharani kwa kuwa tangu siku ile watu wengine watatu wameniuliza hilo hilo.

Pasaka inafuata mwezi. Siku ya harusi yako wanawake wa Tanga watakuimbia kwamba uso wako unang'aa kama mwezi wa kumi na nne, nawe utacheka chini ya shela. Basi huo mwezi wa kumi na nne ndio shina la jambo lote. Waisraeli waliamriwa kuchinja mwanakondoo wa Pasaka jioni ya siku ya kumi na nne ya mwezi wa kwanza, ule waliokuja kuuita Nisani, na Injili zote nne zinaweka mateso ya Bwana kwenye siku hizo za Pasaka ya Wayahudi, na ufufuko siku ya kwanza ya juma. Wakristo wa mwanzo wakabaki na vitu viwili mikononi: mwezi mpevu, na Jumapili. Mwezi ukijaa haungoji Jumapili ifike, na hapo ndipo mashaka yalipoanzia.

Asia Ndogo, Uturuki ya leo, walishika siku ya kumi na nne yenyewe, iwe Jumanne au Alhamisi. Roma walingoja Jumapili. Katikati ya karne ya 2, Polikarpo, askofu wa Smirna huko Asia Ndogo, akiwa mzee sana, alisafiri hadi Roma kuzungumza na Papa Aniseto. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Hata hivyo Aniseto alimpa mgeni wake heshima ya kuadhimisha Ekaristi, wakaagana kwa amani. Huwa narudia kuisoma habari hii. Wazee wawili, kila mmoja ana desturi aliyorithi kwa waliomtangulia, na bado wakakaa altare moja.

Mwaka 325 Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu, ukaamua Wakristo wote waadhimishe Jumapili moja. Hesabu ikaangukia zaidi Alexandria, Misri, mji uliosifika kwa elimu ya falaki. Kila mwaka askofu wa Alexandria alituma barua kuyajulisha makanisa lini mfungo unaanza na lini ni Pasaka. Barua ya askofu wao Atanasi ya mwaka 367 inakumbukwa kwa jambo jingine, kwamba humo aliorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, vile vile tulivyo navyo leo. Lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa kutangaza Pasaka. Ujue basi kwamba orodha ya Agano lako Jipya ilisafiri ndani ya barua ya kalenda, na barua hiyo ilitoka bara hili.

Kanuni iliyotufikia ni fupi. Chukua Machi 21, siku iliyowekwa kuwakilisha wakati ambapo mchana na usiku hulingana. Tafuta siku ya kumi na nne tangu mwezi wa angani kuandama, ile ya kwanza inayoangukia siku hiyo au baada yake. Jumapili inayofuata ndiyo Pasaka. Siku hiyo ya kumi na nne ikiangukia Jumapili yenyewe, unasogea hadi Jumapili ijayo, kama mwaka 2025: ilikuwa Jumapili Aprili 13, Pasaka ikawa Aprili 20. Kwa hiyo Pasaka haiwezi kutangulia Machi 22 wala kuvuka Aprili 25. Huo mpaka wa mwisho uliguswa mara ya mwisho mwaka 1943, na utaguswa tena 2038. Mungu akijalia, utakuwa na mtoto wa kupokea Komunyo ya kwanza mwaka huo.

Kuna kitu nilichokiona mwenyewe kikanisumbua, nami sitaki kukuficha. Mwaka 2019 mwezi ulijaa alfajiri ya Machi 21. Nikajiambia basi Pasaka ni Jumapili ya Machi 24, nikafungua kalenda ya kanisa, nikakuta Aprili 21. Karibu mwezi mzima baadaye! Nilidhani wachapaji wamekosea. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba Kanisa halingoji mtu atazame juu. Linatumia jedwali linalotegemea mzunguko wa miaka 19, kwa kuwa baada ya miaka 19 mwezi hurudi kujaa karibu tarehe zile zile, baada ya miezi 235 kuandama na kufifia. Kwenye jedwali, mwezi ule wa 2019 ulijaa Machi 20, siku moja kabla ya mpaka, kwa hiyo haukuhesabiwa, ukangojwa wa Aprili 18. Nilivunjika moyo kidogo. Lakini fikiria mjumbe wa zamani aliyepaswa kwenda kwa mguu au kwa jahazi kuwaambia watu wa mbali lini waanze kufunga. Hakuweza kungoja mwezi uonekane. Jedwali ndilo lililomwezesha mtu wa kijiji cha mwisho kufunga siku moja na mtu wa mjini.

Kuhusu ndugu zetu Waortodoksi, wale wa Kenya, Uganda na wa kwetu Bukoba, ambao hadi leo wako chini ya Patriaki wa Alexandria, wao wanatumia kanuni hiyo hiyo kwa kalenda ya kale ya Julio. Kalenda hiyo ilikuwa inachelewa polepole, hadi mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 akafuta siku kumi: watu walilala Alhamisi Oktoba 4, wakaamka Ijumaa Oktoba 15. Mashariki hawakufuata, na tofauti sasa ni siku 13. Mwaka huu wa 2026 sisi tuliadhimisha Aprili 5 na wao Aprili 12. Mwaka kesho sisi Machi 28, wao Mei 2. Mwaka 2028 tutakutana tena, Aprili 16.

Sasa turudi kwenye Machi yako. Mwaka 2027 siku ya kumi na nne ya mwezi inaangukia Jumatatu Machi 22, siku moja tu ndani ya mpaka, ndiyo maana Pasaka inawahi hivyo. Rudi nyuma siku 46, yaani siku 40 za mfungo pamoja na Jumapili sita ambazo hazihesabiwi, unafika Februari 10, Jumatano ya Majivu. Machi 13 iko katikati kabisa.

Hayo majivu unayajua yanatoka wapi? Mwaka huu nilisaidia kuyatengeneza. Tulikusanya matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, yale ambayo watu huchomeka nyuma ya msalaba ukutani hadi yakawa na rangi ya chai. Tukayachoma kwenye karai nyuma ya nyumba ya mapadre. Yanawaka haraka, yanajikunja, na karai zima linabaki na majivu yasiyojaa kikombe. Tukayaponda na kuyachekecha kwa chujio la chai. Shangwe ya mwaka jana ikawa alama ya toba kwenye paji la uso wa kila mtu.

Kwa sheria ya Kanisa, siku ambazo ndoa imekatazwa kabisa ni Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu. Kwingine kwenye Kwaresima inategemea paroko, na parokia nyingi za kwetu hazifungishi. Mimi naona ziko sahihi. Kwaya haiimbi Aleluya, altare haina maua, rangi ni zambarau. Harusi yako itakuwa na matarumbeta kuanzia mlangoni, mwanangu. Nataka uimbiwe Aleluya kwa sauti zote nne, siyo uibiwe nusu ya furaha kwa kuwa ukumbi ulikuwa wazi.

Uliuliza pia kwa nini wasiipe tarehe moja yaishe. Wamefikiria. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1928 ya kuifunga Pasaka kwenye Jumapili inayofuata Jumamosi ya pili ya Aprili, haijawahi kuanza kutumika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1963 kwamba haupingi Pasaka kuwekewa Jumapili maalumu, mradi Wakristo wengine wakubali. Papa Fransisko naye alirudia mwaka 2025, miaka 1700 tangu Nisea, kwamba Wakatoliki wako tayari kupokea tarehe ya pamoja. Mimi naitamani sana hiyo siku moja na Waortodoksi. Ila ningeumia kama bei yake ingekuwa kuukata mwezi.

Mwaka huu Alhamisi Kuu ilikuwa Aprili 2, na mwezi ulijaa siku hiyo hiyo. Baada ya Misa, Ekaristi ikiwa imehamishwa na watu wamepiga magoti, nilitoka nje kunyoosha mguu wangu huu mbovu. Mwezi ulikuwa umeshapanda juu ya minazi upande wa bahari, unaona hadi kokoto za njia. Yohane anasema waliokwenda kumkamata Bwana walibeba taa na mienge. Mwezi wa Pasaka ulikuwa mpevu, nao wakabeba taa. Nilisimama pale muda mrefu. Yule mzee mvuvi, jirani yetu, alikuwa anapita kutoka msikitini, Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukielekea nusu. Yeye hana kalenda ya kanisa, lakini kila mwaka hunikumbusha kwamba Ijumaa yetu Kuu huja karibu na bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Akaniambia, "Pasaka yenu imefika, naiona." Akanyoosha kidole juu.

Kwa hiyo nimekaa na mama yako tukahesabu. Ramadhani ya mwaka kesho inatazamiwa kuandama Februari 8 au 9, wiki hiyo hiyo ya Majivu, na shangazi zako wa Pangani wangekuja arusini wakiwa wamefunga kama ungeharakisha. Machi 13 umeshakataliwa. Juma la Pasaka lenyewe tuliachie Kanisa lipumue. Jumamosi Aprili 10 kila mtu atakuwa amekwisha kufungua, Waislamu na Wakristo, na kipindi cha Pasaka kitakuwa bado kinaendelea hadi Pentekoste, Mei 16. Mvua za masika zitakuwepo, kwa hiyo mwambie mwenye maturubai alete ya kufunika hadi pembeni. Mwenye ukumbi nimeshaongea naye: Aprili 10 iko wazi, na pesa uliyotanguliza ataihamishia huko, ila anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nenda parokiani kesho asubuhi, ofisi hufunguliwa saa tatu, kisha unipigie.

Mjomba wako