Kocha Ajaye Atuachie Kitu: Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Simba

Dar es Salaam, Septemba 2025

Ndugu Mwenyekiti,

Salaam kutoka Temeke. Nguvu moja.

Mimi ni mwanachama wa kawaida, mlipa ada, mtu wa mzunguko, yale majukwaa ya tiketi nafuu. Kocha wetu Fadlu Davids amekwenda Raja Casablanca ya Morocco na msimu ndiyo kwanza umeanza. Najua siku hizi simu yako haipumziki, na kila wakala ana kocha wake wa kukuuzia. Kabla hujasaini na yeyote, naomba usikilize tunachosema huku majukwaani, maana huku mjadala hauko kwenye jina kama wengi wanavyodhani.

Tarehe 25 Mei nilivuka kwa boti kwenda Unguja kuangalia marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho. Kule kwao Berkane, Morocco, tulikuwa tumelala 2-0. Mchezaji wetu Mutale alipofunga dakika ya 17, Amaan nzima iliruka isipokuwa mzee mmoja aliyekaa mbele yangu, kanzu nyeupe, skafu nyekundu shingoni. Yeye alijishika kichwa kwa mikono miwili, akawa anasema polepole, "Moja tu, wanangu, moja tu." Moja ingetupeleka kwenye matuta. Haikupatikana. Kagoma wetu akala kadi nyekundu, na dakika za nyongeza Sidibe wa Berkane akasawazisha. Watu wakaanza kushuka ngazi. Mzee akabaki amesimama, anawapigia makofi vijana mpaka wa mwisho alipoingia vyumbani. Tukiwa njiani kutoka aliniambia kwamba mwaka 1993 alikuwa Uwanja wa Taifa siku Stella Abidjan walipotufunga 2-0 na kuondoka na Kombe la CAF. "Siku ile nililia," akasema. "Leo nimewaona wanacheza."

Mwenyekiti, neno hilo la mzee ndilo limenifanya nichukue kalamu.

Katika enzi ya Fadlu hatukumfunga mtani wetu Yanga hata mara moja. Ligi hatukuchukua. Kwa hesabu za mtaani kwetu, kocha wa namna hiyo huwa hafiki Krismasi. Lakini ukipita Kariakoo leo utakuta watu wa Simba wamenuna kwa sababu ameondoka. Timu yake ilikuwa na sura. Ungeweza kuwavua jezi ukajua hawa ni Simba: beki wanaanzisha mpira kwa utulivu, mpira ukipotea wanaurudia papo hapo, Ahoua anapewa nafasi ya kuwa Ahoua, mpaka akamaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Al Masry walitufunga 2-0 Misri, wakaja kwa Mkapa wakarudishiwa 2-0 zilezile, halafu kipa wetu Camara akamaliza kazi kwenye matuta. Usiku ule hakuna aliyeuliza tunacheza mfumo gani. Tulikuwa tunauona.

Kwa hiyo ombi la kwanza: mleteni mtu mwenye mpira wake, anayeweza kuwaeleza ninyi wakubwa, kabla ya kusaini, Simba yake itachezaje baada ya miezi sita, na kwa wachezaji gani kati ya hawa tulionao. Akianza na orodha ya kumi anaotaka kununuliwa, mshukuruni kwa kuja.

Ombi la pili ni muda, na hapa nitasema na upande wetu mashabiki, kwa sababu tunahusika. Januari 2019 tulikwenda Kinshasa, AS Vita wakatupiga tano. Wiki mbili baadaye Al Ahly nao wakatupiga tano kule Misri. Mechi mbili, mabao kumi, hatujafunga hata la kufutia machozi. Kocha wetu wa wakati huo, Patrick Aussems, hakufukuzwa. Siku kumi baadaye Ahly walikuja Dar, Kagere akawafunga. Mwezi Machi Vita wakaja, Chama akafunga lile bao la dakika za mwisho ambalo mpaka leo watu wanasimuliana walikuwa wamekaa wapi, tukaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Sasa linganisha na Novemba 2023. Mtani alitupiga 5-1 tarehe 5, na kocha Robertinho akaonyeshwa mlango kabla wiki haijaisha. Miezi mitatu nyuma alikuwa ametupa Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, mbele ya mtani huyohuyo. Sitetei zile tano. Ziliniuma mpaka nikashindwa kula usiku ule, na mimi ni mmoja wa waliopiga kelele aondoke. Tulikosea. Akaja Benchikha, Aprili naye akaondoka, na msimu tukamaliza wa tatu. Tukimpata kocha, tuambieni wazi kwamba huyu ni wa misimu miwili, na mkishasema hivyo simameni hapohapo hata sisi tukichachamaa. Tutachachamaa, ndivyo tulivyo. Lakini ninyi hamkuwekwa hapo ili mpime upepo wa mzunguko.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Januari 2021 kocha Sven Vandenbroeck alituingiza makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa kuwapiga FC Platinum 4-0, na kabla hatujamaliza kushangilia akawa wa FAR Rabat ya Morocco. Septemba 2022 kocha Zoran Maki akaenda Misri baada ya muda mfupi mno. Sasa Fadlu, Casablanca. Simlaumu mtu kwa kutafuta riziki. Klabu za Afrika Kaskazini zina fedha kutuzidi na zitaendelea kutuzidi kwa muda. Ila tukishajua kwamba jirani ana desturi ya kuchuma embe zetu, hatuwezi kila mwaka kushangaa mti umebaki mtupu. Kipengele cha kuvunja mkataba kiwe kizito. Taarifa ya kuondoka iwe ya miezi. Na zaidi ya karatasi, kocha akiondoka maarifa yabaki Bunju, kwenye uwanja wetu wa mazoezi.

Hapo namkumbuka kocha msaidizi Selemani Matola. Makocha wamepita, Wabelgiji, Mfaransa, Mhispania, Mbrazili, Mwalgeria, na mara nyingi yeye alikuwa palepale pembeni, amebeba koni. Mtu aliyekuwa kwenye kikosi cha 2003 kilichowatoa Zamalek. Kocha mzawa Juma Mgunda naye tumemwita zaidi ya mara moja kuja kuzima moto, halafu moto ukizimika tunatafuta mgeni mwingine. Kocha ajaye apewe sharti la kuwa na msaidizi mzawa anayeshiriki kweli: anayekaa kwenye kikao cha kuchambua mpinzani, anayepangiwa mazoezi ya kuendesha mwenyewe, anayejua kwa nini beki fulani hachezi. Video na ripoti za mazoezi ziwe mali ya klabu. Siku mgeni akipanda ndege, Jumatatu mazoezi yaendelee kama kawaida.

Na vijana. Sitaki ahadi za akademia kwenye makaratasi, tumeshazisikia. Nataka kuona kijana mmoja wa U-20 akiingia dakika ya 70 tukiwa tunaongoza mbili, badala ya mgeni wa tano kupewa dakika za kuzoea. Kocha ambaye rekodi yake haina hata kijana mmoja aliyemkuza, mfikirieni mara mbili.

Kuhusu atoke wapi, mimi sina uzungu wala uzawa wa kupigania. Waliotutoa kimasomaso mwaka 2003, tukawavua Zamalek ubingwa wa Afrika palepale Cairo kwa matuta, Kaseja akiwa golini, walifundishwa na James Siang'a, Mkenya, kipa wa zamani. Fainali ya 1993 tulifikishwa na Abdallah Kibadeni, mtu wetu, yuleyule aliyemfunga mtani matatu peke yake katika zile sita tulizompiga 1977. Kibadeni na Siang'a waliijua Afrika hii: kufika ugenini ukakuta basi halijaja, uwanja wa mazoezi una mashimo, mashabiki wanapiga ngoma chini ya hoteli usiku kucha, na kesho yake unatakiwa upate sare. Anayekuja awe ameyaishi hayo. Wasifu wa Ulaya ni mzuri, lakini hauchezi Lubumbashi saa tisa alasiri.

Lingine dogo, ingawa kwetu si dogo: aongee nasi. Fadlu akifungwa alikuja mbele, akaeleza kosa liko wapi bila kumtupia mwamuzi kila kitu. Hata kama hukubaliani naye ulirudi nyumbani na kitu cha kufikiria. Kocha anayejificha nyuma ya msemaji tutamchoka haraka.

Mwisho, siku mtakapomtambulisha, msiishie kwenye ukumbi wa hoteli wenye picha na skafu. Mleteni Mtaa wa Msimbazi, mchana, jua likiwaka, apande ngazi za jengo letu. Wazee waliobaki wamwonyeshe picha za ukutani, wamweleze tulianza 1936 kwa majina gani mpaka tukafika Simba mwaka 1971. Halafu Matola amkabidhi jezi, na yeye mgeni, mbele yetu, aseme katika misimu miwili ataacha nini ambacho hakikuwepo alipofika. Nitakuwa pale chini barabarani, na mzee wa Amaan nimemwahidi nitampigia simu aje.

Wako katika Simba,
Mwanachama, Temeke