Barua kwa mwanangu aliye Arusha: omba, na dawa umeze

Marangu

Mwanangu Elinami,

Bwana Yesu asifiwe. Barua hii anakuletea dada yako mkononi, kwa sababu kila nikikupigia simu unanijibu kwamba umemkabidhi Mungu, kisha unaniuliza hali ya ng'ombe, na mazungumzo yanaishia hapo. Ng'ombe ni mzima. Ninayetaka kujua hali yake ni wewe.

Nimeambiwa kwamba umeacha kumeza dawa za kifua kikuu kabla hujamaliza hata ile miezi miwili ya mwanzo. Usimgombeze mkeo. Mwanamke anayemsikia mumewe akikohoa usiku, huku mtoto wa miaka mitatu amelala chumba hicho hicho, ana haki ya kumwambia mama mkwe wake. Nimeambiwa na sababu yenyewe: kwamba katika mkesha mnaokwenda siku za Ijumaa mmefundishwa kuwa mtu aliyekwisha kuombewa akiendelea kumeza vidonge anamwonyesha Mungu mashaka. Sitaki kubishana na mtumishi ambaye sijamwona. Nitabishana na wewe, kwa kuwa wewe nilikuzaa, na ulipata kipaimara katika usharika huu ukiyajibu maswali ya mchungaji vizuri kuliko watoto wote wa mwaka wenu.

Chukua Biblia yako, usome Isaya 38 pole pole, wewe mwenyewe, usisomewe. Mfalme Hezekia aliugua, akaambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana atakufa; akageuza uso ukutani, akaomba, akalia sana, na Mungu akamwongezea miaka 15. Ahadi ilikuwa imekwisha kutoka kinywani mwa nabii. Kwa mafundisho yenu ya Ijumaa, kilichobaki hapo kingekuwa ushuhuda tu. Lakini nabii yule yule aliyeileta ahadi ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, na mfalme akakubali kubandikwa. Sijaona mahali popote Isaya alipokemewa kwamba tini zake zimemvunjia Mungu heshima. Tena Paulo, ambaye leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, anamwandikia Timotheo kwamba Trofimo amemwacha Mileto, hawezi, yaani mgonjwa. Hakuandika kwamba Trofimo alipungukiwa na imani. Aliitaja habari hiyo katika nusu ya mstari na kuendelea na salamu.

Kama hao wako mbali, basi msikilize Luther, ambaye jina lake limeandikwa mlangoni pa kanisa ulilobatiziwa. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa, na aliandika kwamba atamwomba Mungu amlinde, kisha atafukiza nyumba, atatoa dawa na kuimeza. Wale waliokataa dawa wakijidai kumwachia Mungu kila kitu, yeye alisema wanamjaribu Mungu. Hilo ni neno zito, na nisingependa lisemwe juu ya mwanangu.

Sasa nikuambie ninalolifikiria tangu Jumapili. Ulianza kuogopa kabla ya mkesha. Uliogopa siku ulipotajiwa jina la ugonjwa. Uliogopa mkojo ulipobadilika ukawa wa rangi ya machungwa, ingawa nesi alikuwa amekueleza mapema kwamba dawa ndiyo inayofanya hivyo. Uliogopa wenzako wa gereji wasije wakasema una ugonjwa mwingine. Uliogopa mwenye nyumba asije akakuhamisha. Mtu aliyebeba hofu zote hizo peke yake, akiambiwa kwamba kuna njia ya kutokuwa mgonjwa tena kuanzia usiku huo huo, ataikimbilia. Februari 2020, hapa Moshi mjini, pale Majengo, watu 20 walikufa katika mkanyagano wakikimbilia kukanyaga mafuta waliyoambiwa ni ya upako. Nilisikia wengine wakiwaita wajinga. Mimi siwezi kuwaita hivyo, maana najua shida inavyomsukuma mtu, lakini wewe sikukuzaa ukafe kwa kukimbia. Na hofu hiyo ya kutajwa hukuiokota Arusha. Katika nyumba yetu mgonjwa alisemwa kwamba hajisikii vizuri hadi siku tulipokwenda kumchagulia sanda, na watoto mlikuwa mnasikiliza.

Ile Zaburi ya 56 unayoipenda inasema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Daudi hakusema kwamba siku hiyo haitakuwapo. Mwanzoni mwa zaburi imeandikwa kwamba Wafilisti walikuwa wamemkamata huko Gathi, na kitabu cha kwanza cha Samweli kinaeleza kwamba alipofika mbele ya mfalme wa mji huo aliogopa sana, akajifanya mwendawazimu, akakwaruza milango na kuacha mate yamtiririke ndevuni. Huyo ndiye aliyekuwa akimtumaini Mungu, mtu mwenye mate ndevuni, anayetumia kila akili aliyopewa ili atoke salama. Kwa hiyo sikuambii usiogope. Ogopa, umwambie Mungu kwamba unaogopa, na saa ya dawa ikifika umeze dawa.

Ugonjwa huu tiba yake ni ya miezi 6. Miezi 2 ya mwanzo unameza dawa 4 zilizounganishwa katika kidonge, na miezi 4 inayofuata dawa 2. Nafuu hutangulia kuja, kikohozi hupungua, uzito hurudi, na hapo ndipo wengi huacha, wakati vimelea bado vimo kifuani. Vilivyosalia huweza kuwa sugu, dawa hizi zikashindwa kuviua, na anayeambukizwa navyo akaupata ugonjwa huo ulio sugu. Unajua tulikokwenda kumtazama jirani yetu, kule hospitali ya Kibong'oto, Siha, ambako wagonjwa wa kifua wamekuwa wakitibiwa tangu 1926. Yeye naye aliacha alipoona amepona. Dawa zako ni za bure, mwanangu. Zimewekwa hapo mlangoni pako bila hata shilingi, nawe umezitupa kwa jina la Mungu aliyekuletea.

Usifikiri ninakuahidi kwamba ukiomba na kumeza dawa mambo yote yatakwenda sawa. Wewe unakaa Usa River, na Akeri haiko mbali nawe. Hapo ndipo Ovir na Segebrock, wamisionari vijana wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani, walipouawa mwezi Oktoba 1896 pamoja na Wachaga waliokuwa wamefuatana nao. Waliomba kama unavyoomba. Miaka michache baadaye, mwaka 1902, wengine walirudi Meru wakaanzisha kazi Nkoaranga, wakijua vizuri kilichowapata wenzao. Imani ya namna hiyo ndiyo niliyotamani watoto wangu wawe nayo, ile isiyomwekea Mungu sharti la Ijumaa kwa Ijumaa. Ninyi mnahesabu kwamba asiyepona ameshindwa kuamini. Basi siku mtu wa kundi lenu atakapokufa, mjane wake mtamwambia nini?

Baba yako anajivunia wewe mpaka naona haya mbele za watu. Huwaeleza wazee wenzake kanisani namna ulivyomlipia dada yako ada ya chuo kwa mshahara wa gereji, na jinsi ulivyoezeka zizi bila kuombwa. Lakini huyo anayeweza kutuma bati kutoka Arusha alishindwa kututumia habari ya kifua chake, tukaipata kwa mkwe. Hilo limemuuma kuliko anavyosema, na miguu yake, ambayo inamsumbua tangu baridi ianze, imezidi kumsumbua.

Dada yako ameagizwa akupeleke kituo cha afya Jumatatu asubuhi, na asirudi Marangu kabla hujarudishwa kwenye matibabu. Usizianze dawa mwenyewe kimyakimya. Waeleze umeacha kwa siku ngapi, usipunguze hata moja kwa aibu, wapime tena makohozi, wao ndio watakaoamua uendelee au uanze upya. Mkeo na mtoto waende pia, maana mtoto wa chini ya miaka mitano anayekaa na mgonjwa hupimwa, na akionekana hana ugonjwa hupewa dawa za kinga. Madirisha ya chumba yaachwe wazi mchana. Kama mwenye nyumba atasema neno, nipigie mimi, nitazungumza naye. Kwenye maombi nenda, sikukatazi, ila nenda ukiwa umekwisha kumeza.

Nimekufungashia mkungu wa ndizi za mtori, maziwa ya mgando na mayai. Mayai ni ya kula wewe, yasiuzwe. Maji ya mfereji zamu yetu imesogezwa Alhamisi, hivyo baba yako hawezi kuja wiki hii. Mwenye duka amekubali kusubiri deni hadi kahawa iuzwe. Ile pampu ya kupulizia kahawa uliyoondoka nayo kwenda kutengeneza, mpe dada yako arudi nayo hata kama haijapona, tutamtafuta fundi wa Himo.

Mama yako