Mikato ya bajeti ya afya ya akili inalipwa na familia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie fedha zinazopunguzwa kwenye huduma za afya ya akili za jamii: kliniki ndogo, wauguzi wanaowatembelea wagonjwa majumbani, dawa za bure, vikundi vya familia. Ninamuuguza kaka yangu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, kwa hiyo habari hizi sizisomi magazetini tu.

Nianze na jambo ambalo aliyekaa mbele ya majedwali ya bajeti halioni. Wagonjwa wengi kama kaka yangu hudungwa sindano ambayo dawa yake hukaa mwilini kwa takribani mwezi mmoja. Muuguzi wa jamii akifika nyumbani, sindano yenyewe ni ya dakika chache. Kazi kubwa anaifanya kwa macho na masikio. Anatazama kama mgonjwa ameoga. Anamuuliza mama kama mwanawe anapata usingizi. Siku moja alikuta redio yetu imefunikwa nguo, akaelewa kabla hatujamwambia kwamba zile sauti zimeanza tena. Akampigia daktari, dawa ikarekebishwa, na kaka hakulazwa.

Ziara hiyo ikifutwa, mwezi wa kwanza hakuna linaloonekana. Pengine hata wa pili. Dawa ya namna hiyo hutoka mwilini taratibu, na wiki au miezi inaweza kupita kabla ugonjwa haujarudi kwa nguvu. Kwa hiyo taarifa ya robo mwaka itasema matumizi yamepungua na huduma zinaendelea, na mwandishi wake atakuwa hajasema uongo. Ameandika mapema mno. Hatari ya mikato hii iko hapo hapo, kwenye hiyo miezi ya ukimya ambayo kila mtu anaamini fedha zimeokolewa.

Kisha ugonjwa unarudi. Mtu aliyekuwa akienda kazini anaanza kutembea usiku kucha, anakataa chakula akiamini kimetiwa sumu, anawaogopa watu waliomlea. (Wagonjwa wengi wa aina hii, niseme hapa, hawamdhuru yeyote, mara nyingi wao ndio wanaodhuriwa.) Majirani wakiogopa wanaita polisi, na mtu anayehitaji daktari analala mahabusu. Akifika hospitali atakaa wodini kwa wiki kadhaa, akihitaji kitanda, chakula, wahudumu wa zamu ya usiku na dawa nyingi kuliko zile alizokosa. Kazi keshaipoteza. Na hakuna anayekiunganisha kitanda hicho na nauli ya muuguzi iliyofutwa nusu mwaka kabla, kwa kuwa nauli ilikuwa kwenye fungu moja na kitanda kiko kwenye fungu jingine.

Ipo pia gharama isiyoingia kwenye fungu lolote. Lazima mtu abaki nyumbani, na mara nyingi ni mama au dada, aache biashara au masomo. Familia zisizo na msaada kabisa hufika mahali pa kumfunga mgonjwa kamba au minyororo. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba jambo hilo linafanyika katika nchi zipatazo 60. Simtetei anayemfunga ndugu yake. Lakini nimewahi kukesha na mgonjwa ambaye hatujui tumpeleke wapi, na ninajua kwamba watu hufika huko baada ya milango yote kufungwa.

Wanaopunguza fedha hizi wanapunguza kilichokuwa kidogo tangu mwanzo. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020 zilionyesha kwamba serikali hutenga takribani asilimia 2 tu ya matumizi yao ya afya kwa afya ya akili. Katika nchi za kipato cha kati, zaidi ya asilimia 70 ya fedha hizo zilikuwa zikienda kwenye hospitali za magonjwa ya akili. Yanayobaki kwa ajili ya jamii ni makombo, na kisu hupita huko kwa sababu hospitali ina majengo na vitanda vinavyohesabika, wakati ziara ya muuguzi haiachi hata tofali.

Historia imeshatuonyesha mwisho wake. Mwaka 1963 Rais Kennedy wa Marekani alitia saini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili katika jamii ili watu watoke kwenye hospitali kubwa walikofungiwa kwa miaka. Hospitali zilipunguza wagonjwa kweli, lakini vituo vingi vilivyokusudiwa havikujengwa, na mwaka 1981, chini ya Rais Reagan, fedha za serikali kuu zilipunguzwa na jukumu likaachiwa majimbo. Leo magereza ya nchi hiyo yana watu wengi wenye magonjwa makali ya akili. Na hiyo ni nchi tajiri.

Najua nitajibiwa kwamba zipo njia za bei nafuu, tutumie watu wa kujitolea. Njia hizo zipo na ninaziheshimu. Zimbabwe wameonyesha tangu mwaka 2006, kwa mpango wa Benchi la Urafiki, kwamba mabibi waliopewa mafunzo wanaweza kuketi na mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, wakamsikiliza, na hali yake ikawa afadhali. Lakini mabibi hao hufundishwa, husimamiwa, na wakikutana na mgonjwa aliyezidiwa huwa na mahali pa kumpeleka. Ukiondoa fedha za msimamizi na za kliniki ya rufaa, unamwachia bibi wa watu mzigo ambao hakuupokea. Tena kaka yangu anahitaji dawa, na dawa haipatikani kwa moyo wa kujitolea.

Ninaloomba ni dogo na linaweza kuanza kwenye bajeti ijayo. Dawa za magonjwa ya akili, mishahara ya wauguzi wa jamii na nauli zao viwekwe kwenye fungu lisiloguswa katikati ya mwaka. Na palipokwisha kupunguzwa, wizara itangaze baada ya miezi 12 ni wagonjwa wangapi walikosa dawa, wangapi walilazwa upya na wangapi walipitia mikononi mwa polisi, pamoja na gharama ya yote hayo, kwenye ukurasa ule ule unaotaja fedha zilizookolewa.

Wako,
Ndugu wa mgonjwa