Urasmi wenu ushuke ngazi: barua ya wazi kwa vijana mnaoanza kazi maofisini

Wanangu na wajukuu zangu mlioajiriwa juzijuzi hapa Dar es Salaam,

Hamjambo? Mimi sijambo. Nilistaafu mwaka 2017, baada ya miaka zaidi ya arobaini ya kazi, karibu yote masjala, katikati ya majalada. Mwezi uliopita nilikwenda ofisi moja mjini kufuatilia karatasi za mirathi ya marehemu mume wangu, na niliyoyaona kaunta ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kijana wa kaunta alikuwa amependeza. Shati limenyooka, tai, kitambulisho shingoni. Mbele yangu kwenye foleni alikuwapo mzee mmoja wa kandambili, bahasha ya kaki mkononi. Kijana hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Mzee, we njoo kesho." Mzee akauliza, kesho saa ngapi? "We njoo tu." Mara mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mkubwa wake. Kijana akasimama wima, simu ikaingia mfukoni: "Shikamoo mheshimiwa. Nilikuwa naomba kukukumbusha lile dokezo, ukipata nafasi." Kiswahili safi! Kumbe anacho, ila amemwekea mtu mmoja.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Urasmi wenu unapanda ngazi, haushuki. Mnaupeleka kwa mwenye uwezo wa kuwafukuza, na mazoea mnamtupia asiye na pa kuwashitaki. Nawaomba mgeuze.

Lugha yetu haina neno la pekee la kumheshimu unayesema naye, kama Wafaransa walivyo nalo. Waziri ni "wewe", na muuza maji wa kituoni ni "wewe". Heshima tumeiweka kwenye salamu na kwenye kitenzi. "Ngoja" ni amri. "Naomba usubiri kidogo" ni neno la mtu kwa mtu. Hata "tafadhali" hatuitumii sana midomoni, "naomba" inatosha. Kwa hiyo anayetaka kumdhalilisha mtu hahitaji tusi. Aruke salamu tu, aseme "leta", mwenzake ameshaumia na hana neno la kwenda kulishitakia.

Mkuu wangu wa kwanza, mwaka 1976, alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Kila asubuhi akimkuta mama mhudumu anapiga deki koridoni, alisimama: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Saa nne mama huyohuyo akimpelekea chai anamwita "bwana mkubwa", na hakuna aliyeona ajabu. Umri ulipewa chake, cheo kikapewa chake. Siku hizi nasikia mabosi wa umri wenu wanasubiri waamkiwe na walinzi waliowazidi miaka ishirini. Msiige hilo.

Tulianza kazi katika miaka ya "Ndugu". Mwaka 1967 serikali ilielekeza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na barua za enzi hizo, aandikiwe mkurugenzi au dereva, zilianza na Ndugu na kumalizia "Wako katika ujenzi wa taifa". Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, "Mheshimiwa" ikashika kasi. Mwiteni hivyo anayestahili, sina ugomvi. Ila kumbukeni kwamba aliyekuwa mkubwa kuliko wote tulimwita Mwalimu mpaka tunamzika mwaka 1999.

Sasa niwaeleze jambo linalowahusu ninyi wenyewe, maana leo wadogo wa ofisini ni ninyi. Miaka ya themanini mwanzoni tulikuwa na karani wa stoo, kijana mchangamfu. Mkubwa wake alimpenda, akimwita "mwanangu", na alikuwa akimwagiza kwa mdomo: toa vitu, karatasi zitafuata. Karatasi hazikufuata. Wakaja wakaguzi. Mimi ndiye niliyetumwa kulitafuta jalada, nikalifungua ukurasa kwa ukurasa nikiomba Mungu nikute hata kipande chenye saini. Hakikuwapo. Mkubwa akasema hakumbuki kuagiza chochote. Kijana akafukuzwa kazi, na mkewe alikuwa mjamzito. Nimelibeba jalada lile moyoni hadi leo.

Kwa hiyo bosi akikuandikia WhatsApp saa tatu usiku, "fanya tu mdogo wangu, tutaweka sawa", usibishane naye, wala usinyamaze. Asubuhi mwandikie barua pepe: "Kama ulivyonielekeza jana usiku, naomba kuthibitisha kwamba..." Andika tarehe, andika kiasi. Bosi mwema hatachukia, na akichukia umejua mapema.

Ule mtindo wa barua mnaouona wa kizee, "Kumb. Na.", "YAH:", "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu", "Naomba kuwasilisha", una kazi yake. Hasa ile namba ya kumbukumbu. Mwenye ndugu ofisini hahitaji namba. Anapiga simu, analetewa jibu nje, kwenye gari. Yule mzee wa kandambili hana wa kumpigia. Namba ndiyo ndugu yake. Unapompokea barua yake kienyeji, bila muhuri, bila kuiingiza kwenye rejista, umemnyang'anya kitu pekee alichokuja nacho.

Kuhusu mavazi sitasema mengi. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Wanawake walivamiwa Kariakoo. Mama yangu mdogo aliacha kupanda basi pale kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo msijifanye mgambo wa nguo za wenzenu. Watumishi wa umma wana waraka wao wa mavazi wa mwaka 2007, na kila ofisi ina taratibu zake, zifuateni. Wala sidai suti. Joto la Januari kwenye daladala mnalijua. Shati la kitenge lililopigwa pasi, gauni la mtumba wa Karume lililotulia, linatosha. Jiulize tu: mjane akija na cheti cha kifo, ataweza kukaa mbele yako akaeleza shida yake, au macho yake yatatafuta pa kwenda?

Wala simaanishi muwe wakavu kama mbao. Utani ni mali yetu. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kutaniana hata msibani, na aliyefiwa akacheka. Lakini utani unakwenda na kurudi. Bosi anayemcheka dereva unene wake mbele ya watu, naye dereva hawezi kumrudishia, hatanii, anaonea. "Mambo", "poa", "niaje", tumieni mnapokula chipsi na wenzenu. Kwa anayekuhitaji, anza na salamu kamili, mpishe akae, ndipo umuulize shida yake.

Jumatatu mkifika kazini, kabla ya kuwasha kompyuta, mwamkieni anayewafungulia geti, na mumuulize mnatakiwa mumwiteje. Na mwenye kutaka kujifunza kuandika dokezo linalosimama mbele ya mkaguzi, aje kwangu Jumapili alasiri na kalamu yake. Daftari langu la masjala bado ninalo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Bibi yenu, Magomeni