Malalamiko kuhusu chakula cha sungura kisichoandikwa viambato

Nyegezi, Mwanza
9 Aprili 2025

Meneja,
Kiwanda cha Chakula cha Mifugo,
Mwanza.

YAH: MFUKO WA CHAKULA CHA SUNGURA USIO NA ORODHA YA VIAMBATO

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi. Kuku wangu wamekulia chakula chenu na kwa hilo sina neno. Ninacholalamikia ni ule mfuko wa kijani wa chakula cha sungura, ambao nilianza kuununua kwa wakala wenu wa Buhongwa mwishoni mwa mwaka jana.

Nina sungura mmoja, jike jeupe, anaitwa Pamba (kwa weupe wake, si kwa ajili ya timu ya mpira ya Pamba). Si wa kitoweo. Nalisema mapema kwa sababu nikipiga simu ofisini kwenu naulizwa kwanza kwa nini nisimchinje yakaisha. Tangu Januari anaumwa ugonjwa usioeleweka. Leo atakula vizuri kutwa nzima, kesho utamkuta kajikunyata pembeni ya banda, masikio kayalaza mgongoni, anasaga meno. Sungura akisaga meno kwa nguvu namna ile, ana maumivu. Kinyesi chake, ambacho kwa kawaida ni gololi kavu za mviringo, kinapungua ukubwa, nyingine zinatoka zimeungana kwa manyoya kama shanga. Halafu unafika usiku hatoi kabisa. Ninyi mnaotengeneza chakula chake mnapaswa kujua kwamba mnyama huyu hawezi kutapika, na tumbo lake halitakiwi kusimama. Akipitisha siku nzima bila kula wala kunya, anaweza kufa.

Daktari wa mifugo amemkagua kinywa hadi magego ya nyuma, maana meno ya sungura hayaachi kuota na yakizidi humchoma ulimi. Meno ni mazima. Kinyesi kimepimwa maabara, hakuna koksidia (vijidudu vinavyoshambulia utumbo) wala minyoo. Joto la mwili liko sawa, banda liko kivulini. Ndipo akauliza anakula nini. Nikamtajia ukoka, matembele na chakula chenu, akaniambia nimletee mfuko.

Kesi yangu na ninyi inaanzia hapo. Mfuko una picha ya sungura kakumbatia karoti, una namba ya simu, na maneno makubwa yanayosema ni lishe kamili. Viambato havijaandikwa. Tarehe ya kutengenezwa hakuna, namba ya toleo hakuna. Daktari aliugeuza mbele na nyuma, akakunjua hadi mshono wa chini, kisha akanirudishia.

Tulipomwaga kilichobaki kwenye sinia tukajionea wenyewe. Katikati ya pumba kulikuwa na kichwa cha dagaa, kikavu, jicho bado lipo, pamoja na vipande vya makombe ya konokono. Mimi nimekulia Kirumba, jirani na mwalo wa samaki, dagaa hanipotei. Sungura hali dagaa. Dagaa na makombe ni vya kuku wa mayai, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu: kama mabaki ya chakula cha kuku yanaingia kwenye cha sungura, ni kipi kingine kinachoingia? Chakula cha kuku mara nyingi huchanganywa dawa za kuzuia koksidia. Zipo ambazo kuku huzistahimili lakini kwa sungura ni sumu, narasini na maduramisini zikiwemo. Je, mnatumia mashine ile ile? Inasafishwa? Na mahindi mnayonunua kipindi cha mvua, yanapimwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka? Hili la mwisho msilibeze. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, seuze sungura wa kilo mbili.

Sisemi chakula chenu ndicho kinachomuumiza Pamba. Daktari naye hajasema hivyo. Alichoagiza ni kukisimamisha kwa muda, abaki na ukoka na majani makavu, akatengemaa. Tukamrudishia kidogo kama alivyoelekeza, akasusa kula tena. Inaweza kuwa imetokea tu. Ila wa kutusaidia kujua ni ninyi, na mmekaa kimya.

Kuna jambo lililoniudhi hata kuliko dagaa. Nilipopiga namba iliyo kwenye mfuko, kijana wenu, mwenye adabu zake kabisa, aliniambia nifungue kapsuli ya amoksilini, nusu yake nimwekee kwenye maji. Sikumpa. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni mwa sungura huua bakteria wema wa tumboni, wale wanaomsaidia kusaga majani, wabaya wakatawala, akahara hadi kufa. Asiyejua hilo amwambie mteja aende kwa daktari, basi.

Kwa hiyo naomba, ndani ya siku 14, mnipe kwa maandishi viambato vyote vya chakula hicho pamoja na dawa yoyote iliyoongezwa, na mnieleze kama kinasagwa kwenye mashine ya chakula cha kuku. Mifuko isiyo na tarehe iondolewe madukani hadi mtakapokuwa na jibu. Hapa Nyegezi peke yake wapo wengine wanaofuga sungura, tena wa biashara, na wanainunua. Wapokea simu wenu waache kutibu. Gharama ya maabara na daktari tutaizungumza baada ya jibu lenu, risiti ninazo.

Kilichobaki mfukoni nimekifunga na kukihifadhi pakavu. Siku hizo zikipita kimya, nakipeleka Shirika la Viwango, na nakala ya barua hii itafika Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja, Nyegezi
(Namba yangu ya simu anayo wakala wenu wa Buhongwa.)

Nakala: Daktari wa mifugo anayemtibu Pamba