Acheni waunguze

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa Fizikia wa sekondari mkoani Tanga. Miaka miwili iliyopita shule yetu ililetewa maboksi sita ya vifaa vya kuundia roboti. Wageni walifika, picha zikapigwa, wanafunzi wanne wenye sare safi wakashikishwa kigari ambacho hawakukiunda wao. Wageni walipoondoka maboksi yakaingia kabatini, ufunguo ukaenda ofisini. Kila nikiuomba naulizwa: "Wakiunguza, nani atalipa?"

Mimi nasema waunguze.

Mwaka huu nilipewa boksi moja, tena kwa kusaini. Kidato cha Tatu wako 52, nikawapanga kwa zamu baada ya vipindi. Kazi ilikuwa kuunda kigari kinachosimama chenyewe kabla ya kugonga ukuta. Kina mota mbili, betri, kibao cha Arduino (kikompyuta kidogo kinachobeba programu na kuziamuru mota), na mbele kihisi chenye macho mawili kama ya bundi. Jicho moja hutoa sauti ya kilohezi 40 ambayo sikio la mtu haliisikii, la pili husubiri mwangwi. Programu hupima muda wa kwenda na kurudi, huzidisha kwa mwendo wa sauti, mita 340 hivi kwa sekunde, kisha hugawa kwa mbili.

Kundi la kwanza lilisahau kugawa. Walikiamuru kigari kisimame sentimita 10 kutoka ukutani. Chenyewe kikaona ukuta uko mbali maradufu, kuja kushtuka zimebaki 5, na kwa mwendo ule kikaubamiza. Mwangwi nimeufundisha miaka 11 kwa chaki, na kwa Kiingereza ambacho nusu ya darasa hukikariri tu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini tunagawa kwa mbili. Siku ile walibishana juu ya hilo hadi mlinzi akaja kufunga geti.

Wiki iliyofuata kijana mmoja alichanganya waya za betri, chanya akaiweka penye hasi. Ukafuka moshi kidogo, kibao kikafa, nami nikakaripiwa. Lakini michoro ya kibao hicho, kilichoanzia Italia mwaka 2005, iko wazi kwa yeyote anayetaka kukitengeneza, ndiyo maana nakala zake ni za bei ndogo. Tulichanga, tukaagiza kingine Dar. Gurudumu lililovunjika walichonga jingine kwa ndala kuukuu, kama walivyofanya utotoni kwenye magari yao ya waya. (Halafu tunaambiwa somo hili ni geni!)

Uingereza mwaka 2016 waligawa vibao vidogo vya kompyuta viitwavyo micro:bit kwa watoto wa miaka 11 na 12, vikawa mali yao, wakaenda navyo nyumbani. Sisi hatuombi makubwa hayo. Wafadhili, kabla ya picha, ulizeni ufunguo atakaa nao nani, na kwenye kila boksi ongezeni vibao vya akiba. Nanyi wakuu wa shule, bomba la kioo likipasuka maabara huandikwa kwenye daftari la vilivyovunjika na kipindi kinaendelea. Kibao nacho kiandikwe humo humo.

Aliyeunguza kile chetu sasa ndiye anayekagua waya za wenzake kabla hawajawasha. Maboksi matano bado yako kabatini, na betri hufa hata zisipotumika.

Mwalimu wa Fizikia,
Tanga