Kwa vijana mnaotunza seva zenye mfumo wa zamani

Wanangu,

Najua baadhi ya seva zenu bado zinatumia CentOS 7 (toleo la mfumo endeshi wa Linux), ambayo haikupata tena viraka vya usalama baada ya tarehe 30 Juni 2024. Mnaogopa kuigusa kwa sababu watu wanaitegemea usiku na mchana, na aliyeisimika pengine alishaondoka. Hofu hiyo naielewa. Lakini WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili za watu na kudai fidia, ilipoenea Mei 2017, kiraka cha Microsoft cha kuizuia kilikuwa kimetoka tangu Machi.

Nawasihi, msianze na seva iliyo kazini. Chukueni nakala rudufu, mkairudishe kwenye mashine nyingine kabisa, kisha mtumiaji halisi aingie, atafute rekodi, atoe ripoti. Asiporidhika, hamjawa tayari. Na ile picha ya diski (snapshot) iliyohifadhiwa kwenye diski ileile msiihesabu: diski ikifa, imekwenda nayo.

Halafu jengeni seva mpya pembeni, mhamishie kazi huko. Debian, mfumo mwingine wa Linux, mnaweza kuipandisha papo hapo, ila toleo moja baada ya jingine: kutoka 10 mpaka 11, ndipo 12. Mkifanya kazi hiyo kwa mbali, iendesheni ndani ya programu ya tmux ili mtandao ukikatika isife katikati.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni lile lisiloonyesha kosa lolote. Maktaba ya glibc, ambayo programu za Linux huitegemea, ilibadili utaratibu wa kupanga herufi katika toleo la 2.28, CentOS 7 ina 2.17. Mkinakili faili za PostgreSQL (programu ya hifadhidata) kama zilivyo, faharasa za maandishi, yaani orodha za kutafutia rekodi haraka, zilizopangwa kwa utaratibu wa zamani zitasomwa kwa utaratibu mpya. Hifadhidata itawaka vizuri tu. Mtamtafuta mteja aliyemo, mtajibiwa hayumo, na mtu atamsajili mara ya pili. Jamani, endesheni REINDEX, amri ya kujenga faharasa upya, kabla hamjamruhusu yeyote kuingia, au hamisheni data kwa pg_dump, zana ya kutoa data nje ya hifadhidata, maana hapo faharasa hujengwa upya wakati wa kurejesha.

Seva ya zamani msiifute mapema. Ila jueni kwamba data mpya ikishaanza kuingia kwenye seva mpya, kurudi nyuma ni kuipoteza data hiyo au kuihamisha kwa mkono. Kwa hiyo kubalianeni kabla ya usiku wa kazi: mwisho wa kurudi ni saa ngapi, na nani mwenye kauli ya kusema turudi.

Mzee wenu